Chukudu Ndogo Juu ya Meza



Majuma mawili yaliyopita, baada ya mkutano wa wazazi, mama mmoja alinisubiri mlangoni pa darasa. Alikuwa ameshika daftari la mwanawe, akanifungulia ukurasa ambao mtoto amechora gurudumu na kuandika pembeni yake vipimo kwa sentimeta na milimita. Akaniuliza kwa heshima, lakini bila kucheka: "Mwalimu, mwanangu hukaa jioni nzima akichonga vijiti. Sisi twalipa ada apate kusoma. Je, vijiti hivi vitamlisha?" Nilimjibu maneno machache tu, maana wazazi wengine walikuwa wakingoja, nikamwahidi jibu kamili. Jibu lenyewe ni hili, nami nalitoa kwa wazazi wote wenye swali kama lake.

Yafaa kwanza tujue kwamba kazi hii haikuanzia kwetu. Huko Ulaya na Marekani wako watu wazima, wenye kazi zao na jamaa zao, ambao saa zao za mapumziko huzitumia kutengeneza magari madogo ya reli. Baadhi yao hawapendi sana lile garimoshi lenye kuvuta, ambalo kila mtu hulitazama. Hupenda mabehewa ya mizigo, ambayo msafiri hayaangalii hata kidogo: behewa la makaa ya mawe, la ng'ombe, la mafuta, la magunia. Kipimo kinachotumika zaidi ni moja kwa themanini na saba, yaani kila sentimeta 87 za behewa la kweli huwa sentimeta 1 mezani. Behewa la mita 12 huwa na urefu wa karibu sentimeta 14. Reli ya kawaida ya Ulaya, ambayo upana wake ni milimita 1435, huwa milimita 16 na nusu.

Mtu asiyeijua kazi hiyo husema ni mchezo wa watoto. Lakini itazame taabu yake. Kabla ya kukata kipande chochote, fundi wa namna hiyo hujiuliza: Behewa hili lilitengenezwa mwaka gani? Lilikuwa na namba gani ubavuni? Milango yake ilikuwa ya mbao au ya chuma? Kisha hutafuta picha za zamani, husoma vitabu vya kampuni za reli, huenda kwenye majumba ya makumbusho, kama lile la reli lililoko Nairobi tangu mwaka 1971, na mfukoni huwa na utepe wa kupimia.

Tuchukue mfano wa nchi yetu wenyewe. Njia ya reli iliyofika Kalemie mwaka 1915, wakati mji huo ukiitwa Albertville, ilijengwa kwa upana wa mita 1 kamili. Mwaka 1955 ilipanuliwa ikawa milimita 1067, ipate kuungana na reli za Katanga. Basi mtu akitengeneza behewa la Kalemie la mwaka 1950, kisha akaliweka juu ya magurudumu ya mwaka 1960, amekosea, ingawa mezani tofauti hiyo haifikii hata milimita moja. Nani ataiona? Labda hakuna. Lakini yeye aliyelitengeneza anajua.

Kwa hiyo kazi hii ina sehemu tatu. Ya kwanza ni kuchunguza kitu chenyewe. Ya pili ni kukitimiza kwa vipande vyake vidogo: ngazi, komeo, breki, misumari. Ya tatu ni kukimalizia kwa rangi, na baada ya rangi, kwa vumbi, kutu na mikwaruzo. Maana behewa safi kabisa ni behewa ambalo halijapata kubeba mzigo.

Sasa turudi nyumbani. Mji wetu wa Goma hauna reli. Mtoto wa hapa aweza kumaliza darasa la sita asiwe ameona behewa kwa macho yake. Nami, nilipoanza kuwafundisha wanafunzi kazi hii, nilifanya kosa. Niliwapa picha ya behewa la mizigo na maboksi matupu, nikawaambia waige. Walikata, wakaunganisha, wakapaka rangi. Kisha msichana mmoja akauliza: "Mwalimu, mlango huu hufunguka upande gani?" Sikujua. Mimi pia nilikuwa naiga picha tu. Siku hiyo niliyakusanya maboksi yote, nikawaambia wanafunzi kwamba juma lijalo tutatengeneza kitu ambacho kila mmoja wetu aweza kukigusa.

Kitu hicho ni chukudu.

Kwa ajili ya wasomaji wa mbali nitaieleza. Chukudu ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, moja mbele na moja nyuma, na usukani wenye mikono miwili iliyopinda kama pembe za ng'ombe. Haina injini wala pedali. Mwenye chukudu huweka goti moja juu ya ubao, na kwa mguu mwingine huisukuma ardhi. Mteremko ukianza, huiacha iende yenyewe. Ikiwa imejaa mzigo huisukuma kwa mikono, na penye mlima huomba msaada. Chukudu ya kawaida ina urefu wa karibu mita 2, nayo yaweza kubeba kilo 450. Fundi mzuri huitengeneza kwa siku moja hadi tatu, kwa kutumia mbao za mikaratusi na za miti mingine migumu, na magurudumu huyavika mpira wa matairi yaliyokwisha. Viazi, kabeji, magunia ya makala kutoka Kibumba na vijiji vingine vya kaskazini, vimeteremka kwa chukudu miaka mingi kuja kulisha mji huu. Ukipita mjini utaona sanamu ya mwendesha chukudu, yenye rangi ya dhahabu, katikati ya mzunguko wa barabara. Basi chukudu ndiyo behewa letu la mizigo. Na kama behewa, kila mtu huiona na hakuna anayeiangalia.

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, umri wake miaka 13, ambaye baba yake alikuwa mwendesha chukudu. Nilidhani huyo atawashinda wote. Baada ya siku tatu akaniletea chukudu ndogo iliyochongwa vizuri, nayo amepaka rangi nyekundu kuanzia mbele hadi nyuma. Nikaisifu, kisha nikamwuliza: "Baba yako huweka goti gani juu ya ubao?" Akajibu upesi, "La kulia." Nikamwuliza: "Una hakika?" Akanyamaza. Nikamwuliza tena breki ikoje. Akasema hajui kama ina breki.

Msidhani mtoto yule alikuwa mjinga. Chombo kile kililala kila usiku ukutani pa nyumba yao. Kilimlipia ada, kilimnunulia kalamu. Lakini sisi sote tuko hivyo kwa vitu vinavyotulisha: twavizoea mpaka hatuvioni tena.

Nilimpa daftari na utepe wa kupimia, nikamwambia asiniletee kitu kwa juma zima, ila majibu. Aliporudi alikuwa na kurasa nne. Urefu sentimeta 204. Gurudumu la mbele, kipenyo sentimeta 36. Breki ipo: ni kipande kinene cha tairi juu ya gurudumu la nyuma, nacho hukanyagwa kwa mguu. Goti ni la kushoto. Mahali pake ubao umeliwa ukawa kama sahani, na juu yake pamepigiliwa kipande cha kandambili kuukuu ili goti lisiumie. Mkono wa kushoto wa usukani umefungwa kwa waya. Hapo mtoto alikuwa ameandika mistari mingi kuliko mahali pengine pote. Alikuwa amemwuliza baba yake sababu ya waya ule, na baba akamsimulia jinsi siku moja, akiteremka na magunia, alivyokosa njia akaanguka juu ya mawe, usukani ukapasuka, naye akatembea na jeraha hadi mjini kwa kuwa mzigo haukuwa wake. Mtoto hakuwahi kuisikia habari hiyo. Aliniambia: "Mwalimu, mimi nilidhani ule waya ni wa kupamba."

Hiyo ndiyo sehemu ya kwanza, kuchunguza. Sehemu ya pili ikafuata, nami nawaandikieni jinsi tulivyoifanya, ili kijana anayetaka aweze kuifanya nyumbani.

Tulichagua kipimo cha moja kwa kumi, kwa kuwa hesabu yake ni nyepesi. Sentimeta 204 huwa sentimeta 20 na milimita 4. Gurudumu la sentimeta 36 huwa sentimeta 3 na milimita 6. Magurudumu hukatwa katika tawi la mkaratusi lililonyoka, lakini lazima tawi likauke kwanza kivulini majuma mawili. Ukilikata bichi, gurudumu litapasuka kama mkate uliokauka. Mhimili ni kipande cha spoku ya baiskeli. Mpira wa gurudumu ni ukanda mwembamba wa mpira wa ndani wa baiskeli, nao hushikwa kwa gundi, kisha kwa pini zilizokatwa fupi, zionekane kama misumari. Ubao huchongwa kwa kisu na kulainishwa kwa msasa. Mahali pa goti usipasahau: chimba kidogo kwa ncha ya kisu, kisha ubandike kipande cha mpira chenye upana wa ukucha. Na kama chukudu unayoiiga ina waya mkononi, nawe funga waya, tena idadi ileile ya mizunguko.

Baadaye tukafanya mzigo. Hapo wanafunzi wakakutana na hesabu ambayo nilikuwa nimewafundisha ubaoni mara nyingi bila mafanikio. Niliwauliza: ikiwa chukudu ya kweli hubeba kilo 450, yetu iliyo ndogo mara kumi ipakiwe uzito gani ili ilingane? Wote wakajibu: kilo 45. Nikawaambia walete jiwe la kilo 45 waliweke juu ya chukudu zao. Walicheka sana. Ndipo tukahesabu polepole: urefu umegawanywa kwa kumi, upana kwa kumi, kimo kwa kumi, basi gunia la kweli lina nafasi ya vigunia elfu moja vya kwetu. Kilo 450 zikigawanywa kwa elfu moja ni gramu 450, yaani chini ya nusu kilo. Tukashona vigunia kwa matambara, tukavijaza makala yaliyopondwa, tukavipima kwa mizani ya muuza unga jirani. Tangu siku hiyo hakuna mwanafunzi wangu aliyekosea hesabu ya ujazo.

Sehemu ya tatu, kumalizia, ndiyo iliyowauma zaidi, kwa sababu watoto hupenda vitu ving'ae. Yule mwenye chukudu nyekundu hakutaka kuiacha rangi yake. Nikampeleka barabarani, tukakaa juu ya jiwe tukatazama chukudu zikipita, karibu ishirini. Chache sana zilikuwa na rangi. Mbao zake zilikuwa za kijivu kwa mvua na jua, nyeusi kwa makala, na zenye kung'aa mahali pamoja tu: pale mikono ishikapo usukani. Alirudi akaipiga msasa rangi yote. Kisha tukaponda jiwe la volkano, lile jeusi lililojaa kila ua la mji huu, tukachekecha unga wake kwa kitambaa, tukauchanganya na maji na gundi kidogo, tukapaka kwa brashi ndogo chini ya ubao na kwenye magurudumu. Makala kidogo yakasuguliwa pale magunia yanapolala. Usukani ukasuguliwa kwa tone la mafuta ya kula, kama ulioshikwa na mikono miaka mingi. Sanamu ya dhahabu mjini ni ya heshima, nami naipenda. Lakini mtu aliyetoka mbali asingejua kwa sanamu ile kwamba kazi hii ina vumbi. Kwa chukudu ya mtoto yule angejua.

Mambo haya yalikuwa mwanzoni mwa mwaka 2021. Jumamosi tarehe 22 Mei mwaka huo, jioni, mlima Nyiragongo ulilipuka. Mkondo wa moto ulishuka usiku ukateketeza vijiji na mitaa iliyo kaskazini ya mji, ukaikata barabara ya Rutshuru, ukasimama mjini ukingoni. Siku chache baadaye, tarehe 27, wakaaji wa sehemu kubwa ya Goma waliamriwa kuondoka. Wengine walikwenda Sake, wengine walivuka mpaka kwenda Gisenyi. Nyumba ya mwanafunzi wangu ilikuwa katika njia ya moto. Watu wote wa nyumba waliokoka. Chukudu haikuokoka: baba alikuwa amembeba bibi mgongoni, wala mtu hana mikono minne.

Mtoto yule, katika mfuko wake wa shule, alikuwa na daftari na ile chukudu ndogo.

Waliporudi baba alikopa fedha kwa ndugu, akaenda kwa fundi kuagiza chukudu nyingine. Mtoto akafuatana naye, akaweka kazi yake juu ya benchi la fundi. Fundi alicheka kwanza, kama wachekavyo mafundi. Alisema ametengeneza chukudu tangu mtoto huyo hajazaliwa, hahitaji kufundishwa na mwanasesere. Lakini akaichukua, akaigeuza, akatazama mahali pa goti, akamwuliza baba: "Goti lako hukaa nyuma hivi?" Baba akasema ndiyo, kwa sababu ya urefu wa paja lake. Fundi akapima kwa daftari, akatia alama ya makala kwenye ubao mpya. Baadaye akafika kwenye kimo cha usukani, akatikisa kichwa. "Hapa umekosea," alimwambia mtoto. "Ukimpa baba yako kimo hiki atapinda mgongo." Wakachunguza, wakakuta kwamba siku ile ya kupima, chukudu ilikuwa imeegemea ukuta, na mtoto alipima kutoka chini kwenda juu bila kuisimamisha wima. Sentimeta 4 zilipotea. Fundi akamsimamisha baba, akampa fimbo aishike kama usukani, akapima upya. Mtoto akafuta namba yake ya zamani, akaandika ile iliyo sahihi.

Kijana huyo sasa yuko shule ya sekondari. Sisemi kwamba amekuwa tajiri kwa vijiti. Wala sisemi kwamba baba yake hana tabu tena, maana ile barabara ya kaskazini vita vimeifunga mara nyingi tangu mwaka 2022, na siku ambayo njia imefungwa chukudu hailishi mtu. Nasema tu niliyoyaona.

Sasa, mama mpendwa uliyeniuliza mlangoni, jibu langu ni hili. Kuchonga vijiti peke yake hakumlishi mtu, na mtoto anayechonga huku masomo yake yamelala ni wajibu wako kumnyang'anya kisu. Mimi nitakuunga mkono. Lakini mtoto anayepima kabla ya kukata, anayeuliza kabla ya kuandika, na anayefuta namba yake anapoonyeshwa kosa bila kununa, huyo anajifunza jambo ambalo mitihani huitaka na maisha huitaka zaidi. Tena atakuwa amewaangalia vizuri wale wanaomlea. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Mwanao ameanza kuuliza vimeundwaje. Usimfukuze mezani upesi. Mwekee saa moja baada ya kazi za nyumbani, na Jumamosi alasiri.

Nanyi vijana, hii ndiyo kazi yenu ya juma hili. Chagueni chombo kimoja kinachobeba mzigo kwenu nyumbani au mtaani: chukudu, mtumbwi, mkokoteni, kikapu cha mgongoni cha mama. Msichonge chochote bado. Kisimamisheni wima, kipimeni, mwandike. Kisha mtafuteni mwenyewe, mumsalimu kama ipasavyo, mumwulize juu ya kila mahali palipoliwa, palipofungwa waya, palipotiwa kiraka. Juma lijalo nitawaeleza jinsi ya kukausha mbao na kuchagua gundi.